Pima Unga Kabla Hujausonga

Mtu akiamua kupunguza uzito, wa kwanza kushtakiwa ni ugali. Baada ya hapo ushauri humiminika: acha sembe ule dona, acha dona ule ulezi, acha wali ule ndizi, usitie wanga mdomoni saa kumi na mbili jioni ikishapita. Miezi mitatu baadaye amebadilisha kila kitu jikoni, nguo bado zinabana, naye anaamini mwili wake ni wa ajabu. Mwili hauna ajabu yoyote. Amebadilisha aina na kuacha kiasi kilekile.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji wa unga maalumu hawapendi kulisema. Gramu 100 za unga wa sembe, dona, mtama, ulezi, ngano au mchele mkavu zote zina takriban kalori 330 hadi 370. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, ambacho peke yake kina kalori 120. Kwa hiyo anayekula ugali wa ulezi wa ukubwa uleule aliokuwa akila wa sembe amepata faida kadhaa, ikiwemo kalsiamu nyingi, lakini faida ya kupungua siyo mojawapo.

Kinachotofautisha vyakula vya wanga kwa anayepungua ni maji yaliyomo ndani ya chakula, mafuta yaliyoongezwa, nyuzinyuzi, na kile kinacholiwa pamoja navyo. Katika hivyo, maji ndiyo yanayosahaulika kabisa, na ndiyo yanayoeleza mambo mengi.

Kiazi mviringo kibichi, kile Wakenya wanachokiita waru, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Kiazi kitamu hali kadhalika. Muhogo una maji kama asilimia 60, ndizi mbichi ya kupika iko katikati. Unga mkavu una maji kama asilimia 12 tu. Ndiyo sababu gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori 87 hivi, na gramu 100 za muhogo zinakaribia 150, ilhali zote mbili tunaziita mizizi na kuziweka kapu moja. Ukichemsha viazi na maganda yake, maji yale hubaki ndani, tumbo linajaa, na unakula polepole kwa sababu ni vya moto na vinahitaji kutafunwa.

Sasa chukua kiazi hichohicho ukikate vipande, ukitumbukize kwenye mafuta yanayochemka. Ule mlio wa kuchachatika unaousikia ni maji yanayotoka. Nafasi yake inaingia mafuta. Kikitoka humo ni chipsi, na kila gramu 100 zinakaribia kalori 300. Ni kiazi kilekile, shamba lilelile, ila maji yametoka na mafuta yameingia. Ukiielewa hesabu hii moja unaweza kukihukumu karibu kila chakula cha wanga bila kumuuliza mtu: je, kimepikwa kikanywa maji, au kimepikwa kikapoteza maji na kunywa mafuta?

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake katika Chuo Kikuu cha Sydney walipima shibe kwa namna rahisi. Waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kalori 240, kisha wakawauliza hali ya njaa yao kwa muda wa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100 uwe kipimo. Wali mweupe ulipata 138. Chipsi 116. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, alama ya juu kuliko vyote. Ugali na makande havikuwa mezani siku hiyo, lakini somo linatufaa: chakula ambacho watu wengi wanaopungua hukikimbia ndicho kilichoshibisha zaidi kwa kalori zilezile, na hakikuwa na siagi wala mafuta.

Turudi kwenye ugali, maana kwa mamilioni ya watu ndio chakula chenyewe na hakuna sababu ya kuuacha. Tatizo la ugali ni kwamba hupimwa kwa macho, tena baada ya kupikwa, wakati kiasi cha maji kinabadilika kila siku. Ugali mgumu na ugali laini wa ukubwa mmoja havina unga sawa. Kinachohesabiwa ni unga, kwa hiyo pima unga kabla hujausonga.

Kama unapika peke yako, kazi ni nyepesi. Kwa mtu mzima anayepungua na asiyefanya kazi ngumu za mikono, gramu 80 za unga kwa mlo ni mahali pazuri pa kuanzia. Hizo ni kalori kama 290. Nyumba isiyo na mizani inaweza kutengeneza kipimo chake mara moja tu: nunua unga nusu kilo, ujaze kwenye kikombe chako cha chai bila kuushindilia, hesabu umetoka vikombe vingapi, kisha gawanya 500 kwa idadi hiyo. Vikitoka vikombe vinne, kila kikombe kina gramu 125, na gramu 80 ni kama theluthi mbili za kikombe. Usitumie kikombe cha jirani wala picha ya mtandaoni. Vikombe havilingani.

Sufuria ya familia ndiyo inayowashinda wengi. Hapo tumia uzito wa sufuria. Pima sufuria tupu, andika uzito wake mahali. Tuseme umetumia unga gramu 500, na ugali ulioiva, ukiondoa uzito wa sufuria, una gramu 1,450. Gawanya 1,450 kwa 500, unapata 2.9. Maana yake kila gramu ya unga imekuwa gramu 2.9 za ugali. Ukitaka sehemu yenye unga wa gramu 80, zidisha 80 kwa 2.9: jibu ni gramu 232. Pakua kiasi hicho kwenye sahani yako mwenyewe kabla sinia halijafika mezani. Anayekula sinia moja na watu wanne hawezi kujua amekula kiasi gani, hata awe mwangalifu namna gani, na hili linamhusu hasa mpishi, ambaye ameshakula ukoko kabla hajakaa. Ukifanya hesabu hii kwa wiki mbili mkono utajua, mizani utaiweka kando.

Kuna sababu nyingine inayofanya ugali uwe mkubwa, nayo iko kwenye bakuli la mboga. Mboga ikiwa chache na mchuzi mwingi wenye chumvi na mafuta, tonge huwa kubwa na hufuatana haraka, kwa kuwa ndilo linalojaza. Dagaa wachache wanaoelea kwenye mchuzi wa nyanya wanaweza kushusha ugali wa nusu kilo. Anayepunguza unga bila kuongeza mboga na kitoweo atashinda siku mbili, ya tatu atakula mikate usiku. Kwa hiyo kinachopunguzwa kwenye unga kirudishwe upande wa pili: mchicha, matembele, sukuma wiki au kisamvu bakuli zima, na samaki, mayai, kuku au maharage ya kutosha. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na nyinginezo, robo kitoweo, robo wanga. Kula mboga kidogo na kitoweo kabla ya tonge la kwanza. Ukifanya hivyo sukari ya damu hupanda taratibu zaidi, na unapoufikia ugali makali ya njaa yameshapungua. Lakini kisamvu cha karanga na tui la nazi kisihesabiwe kama majani matupu. Mafuta yake yanahesabika.

Dona au sembe? Dona. Mahindi yanapokobolewa hupoteza pumba na kiini, na humo ndimo mlimo na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na mafuta ya asili ya punje. Nyuzinyuzi ndizo zinazofanya shibe ikae na choo kitoke, na anayepunguza chakula hupatwa na choo kigumu mapema sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa sembe, chapati na mkate mweupe ni vigumu kuzifikia.

Hata hivyo dona lina masharti yake. Kwa kuwa kiini chenye mafuta kimo, unga huchacha upesi na kuwa mchungu, kwa hiyo saga wa wiki mbili tatu, usisage gunia zima. La pili ni zito zaidi: sumukuvu. Kuvu huota kwenye mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa na unyevu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua tena katikati ya Tanzania, Dodoma na Manyara. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye maganda na kiini, hivyo kukoboa huipunguza. Ndiyo maana dona zuri linaanzia kwenye mahindi makavu, yaliyopembuliwa, yasiyo na punje zilizooza, kupasuka au kubadilika rangi. Kama huyaamini mahindi ya mashine fulani, heri sembe safi pamoja na maharage kuliko dona la mashaka.

Uji ni mtego wa kipekee, kwa sababu una maji mengi na bado haushibishi kwa muda mrefu kama ugali wa unga uleule. Kinachonywewa hupita haraka, hakitafunwi. Ukiongeza vijiko viwili vikubwa vya sukari umeongeza kalori 100 hivi ambazo tumbo halikuziona. Na ule unga wa lishe wenye karanga, soya na nafaka tano sita umetengenezwa umsaidie mtoto aongezeke uzito. Unafanya kazi hiyohiyo kwa mtu mzima. Anayependa uji asubuhi achukue gramu 30 za unga wa ulezi au mtama, asitie sukari au atie kijiko kimoja cha chai, kisha ale yai pembeni.

Chapati inastahili hesabu ya wazi kwa kuwa inapendwa na haionekani kubwa. Kilo 1 ya unga wa ngano ina kalori 3,600 hivi. Ikitoa chapati 12, kila moja ina 300 za unga peke yake. Robo lita ya mafuta, ukijumlisha ya kukandia, ya kupaka wakati wa kukunja na ya kuchomea, ni kalori 2,000 hivi. Gawanya kwa 12, ni kama 165. Chapati moja basi ina kalori 465. Viazi vya kuchemsha vyenye kalori hizo ni zaidi ya nusu kilo, na watu wachache wanaweza kuvimaliza kwa mkao mmoja. Chapati mbili na maharage ni chakula cha kawaida kabisa cha mchana.

Sisemi chapati iachwe. Kanda unga kwa maji ya uvuguvugu bila mafuta, uwe laini kuliko ulivyozoea, ufunike nusu saa ili usukumike bila kujikunja. Toa vidonge 18 kwa kilo badala ya 12. Choma kwenye kikaango kikavu hadi itoke madoa, kisha paka kijiko cha chai kimoja cha mafuta kwa chapati nzima. Itafika kalori 240. Makosa mawili huiharibu: moto mdogo, unaoikausha ikawa ngumu kama kigae, na kuiacha wazi baada ya kuitoa. Zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa, mvuke wake ndio unaozilainisha. Ukiweka nusu unga wa atta, ongeza maji kidogo, maana pumba hunywa maji.

Maandazi, vitumbua, kaimati na mihogo ya kukaanga vyote vinafuata kanuni ya chipsi. Andazi la gramu 50 linakaribia kalori 180. Matatu na chai ya sukari yanazidi 550 kabla saa mbili asubuhi haijafika, na saa nne njaa imerudi. Gramu 200 za kiazi kitamu cha kuchemsha, yai moja na chai isiyo na sukari havifiki 260. Hapa ndipo kubadilisha aina kunalipa kweli.

Wali pimeni ukiwa mchele. Gramu 70 za mchele mkavu zina kalori 250 na huwa kama gramu 200 za wali. Mchele wa punje ndefu zisizoshikana kwa kawaida humeng'enywa polepole kuliko ule wa kunata, lakini kwa uzito wa mwili tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na kinachotiwa sufuriani. Tui zito la nazi hukaribia kalori 200 kwa kila mililita 100. Pwani, ambako wali bila nazi huonekana haujakamilika, njia ninayoiona nzuri ni kupikia tui jepesi la mkamuo wa pili, na tui zito kidogo tu juu wakati wa kupalia, bila mafuta mengine. Harufu na ladha hubaki. Futari ya mihogo au magimbi ya nazi inafaa itendewe hivyohivyo, na ihesabiwe kuwa ndiyo wanga wa jioni, siyo utangulizi wa wali wa saa tatu.

Muhogo wenyewe una protini kidogo sana, ndiyo maana muhogo na chai havikai tumboni. Ule pamoja na samaki au kunde. Mihogo michungu isichemshwe tu ikaliwa; inahitaji kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa ili sumu ya sianidi itoke, jambo ambalo wenye kutengeneza makopa wanalijua vizuri kuliko mwandishi yeyote wa lishe.

Kama ningelazimika kuchagua chakula kimoja cha wanga kwa anayepungua, ningechagua maharage na ndugu zake: kunde, choroko, dengu, mbaazi. Watu huyaweka upande wa mboga, kumbe sehemu kubwa yake ni wanga, tena ule unaomeng'enywa taratibu. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina kalori 130 hivi, protini gramu 8 au 9 na nyuzinyuzi zisizopungua 6. Makande ya nusu mahindi nusu maharage, yaliyopikwa kwa kitunguu, nyanya na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria ya watu wanne, ni chakula kamili, na ni rahisi kwa bei. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, gesi hupungua. Ambaye hajazoea aanze na nusu kikombe kwa siku.

Watu huuliza kuhusu kiporo. Ni kweli kwamba wali au viazi vikipikwa na kupoa, sehemu ya wanga hujifunga upya na kuwa wanga sugu, usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, na ukipashwa moto sehemu hiyo haipotei yote. Faida ipo ila ni ndogo. Haitoshi kukuruhusu sahani ya pili. Na wali usiachwe mezani usiku mzima, kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka na sumu yao haiondoki kwa kupasha. Uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake. Ukiukaanga kwa mafuta, ile faida ndogo imekwisha.

Wanaoacha wanga kabisa hufurahia wiki ya kwanza: kilo mbili, tatu zimeondoka. Nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikitumika, maji huondoka nayo. Siku utakayokula ugali tena, yanarudi, na mtu hudhani amenenepa kwa usiku mmoja. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Anayepunguza 500 kila siku hupoteza karibu nusu kilo kwa wiki, tena mwanzoni. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai. Uzito ukisimama kwa wiki nne na kiuno nacho kimesimama, punguza gramu 10 au 15 za unga kwa mlo, usipunguze mboga. Muda wa kula usiku hauna uchawi wake. Jioni huharibu kwa sababu ndipo sahani inapokuwa kubwa kuliko zote.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga kabla ya kuongea na daktari wake, kwa kuwa dawa ileile kwa chakula kidogo inaweza kuishusha sukari hadi pa hatari. Mjamzito na anayenyonyesha hesabu hizi si zao. Wala si za mtu anayelima au kubeba mizigo kutwa nzima.

Ukila kwa mama lishe hakuna mizani, na huna haja nayo. Agiza wali nusu, maharage mara mbili, mchicha uongezwe, na mwombe asimwagie mafuta ya mchuzi wa nyama juu ya wali. Ukisema hivyo kabla hajapakua, atakupimia. Ukisubiri sahani ifike imejaa, utaimaliza.